Kanda au jedwali moja: namna ya kupanga mtoano wa ligi ya kikapu Lamu

Ligi ikiwa na timu zinazotenganishwa na bahari, swali la kwanza huwa la nauli na la pili huwa la haki. Tabu huanza pale jibu la nauli linapotumiwa kujibu swali la haki. Timu hugawanywa kanda mbili ili mashua zisivuke kila wiki, kisha kanda hizo hizo zikaachiwa ziamue nani aingie mtoano na nani akutane na nani. Ndivyo NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, inavyofanya hadi leo, na ligi nyingi ndogo huiga kwa kuwa ndiyo inayoonekana kwenye televisheni. Rai yetu ni kwamba kanda zibaki kwenye ratiba tu. Zisipewe mamlaka juu ya ubingwa.

Kinachoigwa

NBA ina timu 30, 15 za Mashariki na 15 za Magharibi. Kila timu hucheza mechi 82: 52 ndani ya kanda yake na 30 dhidi ya kanda ya pili. Nane za kila kanda huingia mtoano. Tangu 2021 timu za nafasi ya saba hadi ya kumi hugombea kwanza nafasi mbili za mwisho. Baada ya hapo Mashariki haikutani na Magharibi mpaka fainali.

Msimu wa 2007-08 Golden State Warriors walishinda mechi 48 wakabaki nje, kwa sababu Magharibi ilijaa. Atlanta Hawks walishinda 37 wakaingia kupitia Mashariki. Mwaka 2014 jambo likajirudia: Phoenix Suns, ushindi 48, nje, Hawks wale wale, ushindi 38, ndani. Mwaka 2018 Houston waliokuwa na ushindi 65 na Golden State waliokuwa na 58 walikutana fainali ya Magharibi, wakapambana hadi mechi ya saba. Fainali yenyewe Golden State wakaifunga Cleveland 4-0. Pambano kubwa la mwaka lilichezwa raundi moja kabla ya wakati wake.

Hoja kuu ya kutobadilisha ni safari. Los Angeles na Boston zimetengana zaidi ya kilomita 4,000 na saa tatu za majira, na mfululizo wa mechi saba kati yao katika raundi ya kwanza ni mzigo kwa wachezaji. Hoja hiyo ina uzito, lakini haikuwa ndiyo yote: mwaka 2020 timu 22 zilikusanywa pahala pamoja, Orlando, hakuna aliyesafiri, na bado mtoano ulipangwa kwa kanda. Ligi ya wanawake, WNBA, iliamua vingine. Kuanzia 2016 ilichukua timu nane bora bila kujali kanda, na mwaka huo huo fainali ikawa ya timu mbili za Magharibi, Los Angeles Sparks na Minnesota Lynx. Sparks walishinda 3-2. Kwa mpango wa zamani fainali hiyo isingewezekana.

Ratiba kabla ya mtoano

Hapa ndipo wengi hukosea. Ukiunganisha jedwali bila kugusa ratiba, umehamisha dhulma tu. Timu iliyo kwenye kanda nyonge huvuna ushindi kwa majirani zake, halafu huwekwa juu ya timu iliyopata ushindi huo huo kwa jasho zaidi. NBA yenyewe ikitaka jedwali moja itakutana na hesabu hii: kila timu ina wapinzani 29, kucheza na kila mmoja mara mbili ni mechi 58, mara tatu ni 87. Mechi 82 haziangukii popote. Ama wapunguze mechi, ama wakubali mlingano usiokamilika.

Kwa ligi ndogo hesabu ni nyepesi. Tuchukue mfano wa kubuni wa timu nane: upande wa Amu, yaani kisiwa cha Lamu, ziwe Langoni, Mkomani, Shela na Matondoni, upande wa kisiwa cha Pate ziwe Faza, Kizingitini, Siyu na Pate mjini. Ndani ya kanda kila timu icheze na mwenzake mara mbili, nyumbani na ugenini: mechi sita. Na kila timu ya kanda ya pili mara moja: mechi nne. Jumla kumi kwa kila timu, arubaini kwa ligi nzima, na 16 kati yake ni za kuvuka bahari.

Usizitawanye hizo 16. Ziweke kwenye wikendi mbili. Wikendi ya kwanza timu zote nne za Pate zinakuja Amu, kila moja icheze mechi moja Jumamosi na moja Jumapili, mechi nane kwa siku mbili. Wikendi ya pili timu za Amu zinakwenda Pate kumaliza nane zilizobaki, kila moja dhidi ya wapinzani wawili ambao haijakutana nao. Kwa hivyo kila timu inavuka mara moja tu msimu mzima, na kila timu imepata mechi mbili za kuvuka nyumbani na mbili ugenini. Hakikisha hilo la nyumbani na ugenini kwa kuandika majina kwenye karatasi ya mraba, safu nne kwa nguzo nne, na kutia alama ya A (mechi ichezwe Amu) au P (ichezwe Pate) ndani ya kila chumba. Kila safu na kila nguzo lazima iwe na A mbili na P mbili. Ikipungua moja, kuna timu imedhulumiwa na italalamika wakati umekwisha.

Uwanja mmoja unatosha mechi nne kwa siku. Mechi ya robo nne za dakika kumi, pamoja na mapumziko, madhambi na muda wa makocha, haipungui saa moja na nusu. Anza saa moja asubuhi, ya pili saa mbili na nusu, ya tatu saa nne. Simamisha, jua la adhuhuri kwenye sakafu ya saruji linachosha na kuunguza. Ya nne ianze saa kumi baada ya Alasiri, imalizike kabla ya Magharibi. Ukijaribu kuingiza mechi ya tano bila taa, robo ya mwisho itachezwa gizani, na mwamuzi hataona mguu uliokanyaga mstari.

Bahari nayo ina ratiba yake. Mlango wa Mkanda, baina ya kisiwa cha Manda na bara, haupitiki kila saa. Maji yakipwa mashua inakaa juu ya matope ikingoja. Kujaa na kupwa huchelewa kama dakika 50 kila siku, kwa hivyo saa iliyofaa Ijumaa haifai Jumapili. Zungumza na nahodha kabla hujachapisha ratiba. Epuka pia Ramadhani, upepo wa kusi unapokaza Juni na Julai, na Maulidi ya mfungo sita, ambapo Amu hujaa wageni na mashua na malazi huwa taabu kupata.

Kusoma msimamo

Tumia alama za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia: kushinda 2, kufungwa 1, kususia au kutotokea 0. Ile alama moja ya kufungwa ina kazi. Inamfanya anayejua atafungwa aje uwanjani hata hivyo, na bila hiyo timu iliyokwisha kata tamaa haitapanda mashua. Timu isiyokuwa na wachezaji watano tayari dakika 15 baada ya saa ya kuanza hupoteza mechi kwa 20-0. Kwa safari za baharini andika kanuni ya nyongeza: mashua ikichelewa kwa maji au upepo na nahodha akathibitisha, mechi inasogezwa, haifutwi.

Sasa tuseme msimu umekwisha hivi:

Faza: ushindi 8, alama 18
Kizingitini: ushindi 7, alama 17
Langoni: ushindi 7, alama 17
Siyu: ushindi 6, alama 16
Shela: ushindi 5, alama 15
Mkomani: ushindi 3, alama 13
Pate mjini: ushindi 2, alama 12
Matondoni: ushindi 2, alama 12

Wanaingia wanne. Ukichukua wawili wa kila kanda, Shela anaingia na Siyu anabaki nje, ingawa Siyu ana ushindi zaidi, amecheza mara sita dhidi ya kanda ngumu, na tuseme walipokutana Siyu ndiye aliyeshinda. Ukifuata NBA kamili, nusu fainali itakuwa Faza na Kizingitini upande mmoja, Langoni na Shela upande wa pili: wawili wa juu wanatoana kabla ya fainali. Kwa jedwali moja wa kwanza anacheza na wa nne, Faza na Siyu; wa pili na wa tatu, Kizingitini na Langoni. Wawili wa juu hawawezi kukutana ila siku ya mwisho, na hiyo ndiyo maana ya kupanga nafasi.

Kabla ya kutangaza, pima uzito wa kanda. Hesabu mechi 16 za kuvuka. Katika mfano huu kanda ya Pate imeshinda 11 na ya Amu 5, kwa hivyo Siyu hakubebwa na wepesi wa majirani. Lakini kama anayetaka kuingia kwa ushindi 6 ametoka kwenye kanda iliyoshinda mechi tatu tu kati ya 16, na anayeachwa kwa ushindi 5 ametoka kanda ya pili, jedwali linadanganya. Dawa tunayoipendekeza: timu tatu za juu ziingie moja kwa moja, na wa nne na wa tano wakitofautiana kwa ushindi mmoja au chini, na wametoka kanda mbili, wacheze mechi moja ya kugombea nafasi nyumbani kwa wa nne. Kwa mfano wetu Siyu na Shela wangecheza Siyu. Gharama ni safari moja ya mashua, na hakuna atakayesema ameonewa na karatasi.

Alama zikilingana

Kizingitini na Langoni wana 17. Utaratibu wa FIBA ni huu: kwanza matokeo baina yao, kisha tofauti ya pointi za kufunga na kufungwa baina yao, kisha pointi walizofunga baina yao, ndipo tofauti ya mechi zote za ligi, na mwisho pointi za kufunga za mechi zote. Ikiwa Kizingitini alishinda ile mechi moja, yeye ni wa pili. Zikilingana timu tatu, chora jedwali dogo la mechi za hizo tatu pekee. Timu moja ikishajitenga, anza upya kwa mbili zilizobaki. Wengi husahau hatua hiyo ya kuanza upya, wakaendelea na hesabu ya timu tatu, na jibu likatoka lingine kabisa.

Usiruke kwenda kwenye tofauti ya pointi za mechi zote kwa kuwa ni rahisi kujumlisha. Ukifanya hivyo timu yenye nguvu itaacha wachezaji wake bora uwanjani hadi dakika ya 40 ili kumfunga mnyonge kwa pointi 60, na vijana wa benchi hawatacheza kamwe.

Fomu ya mechi ihifadhiwe ya asili, ikiwa na sahihi za waamuzi. Picha ya simu isaidie tu. Tarakimu 1 na 7 zilizoandikwa kwa haraka, karatasi ikiwa imelowa jasho la mkono, zimewahi kugeuza msimamo wa ligi nyingi. Mwandishi wa meza asome matokeo kwa sauti mbele ya manahodha wa timu zote mbili kabla hawajaondoka.

Nusu fainali na fainali

Nusu fainali iwe mechi moja, nyumbani kwa aliye juu. Fainali iwe ya mechi tatu, mshindi wa mbili. Swali ni nani awe mwenyeji lini. Mpango wa moja, moja, moja unalazimisha kuvuka mara nyingi. NBA ilikabili hilo kwa kubadili fainali zake: kuanzia 1985 hadi 2013 mwenye nafasi bora alikuwa mwenyeji wa mechi mbili, mwenzake tatu mfululizo, kisha mbili za mwisho. Safari zilipungua, lakini mechi ya tano, ambayo ni nzito mfululizo ukiwa 2-2, ilimwangukia ugenini yule aliyestahili nyumbani. Mwaka 2014 wakaiacha.

Kwa Amu na Pate tunashauri moja kisha mbili. Aliye juu anavuka mara moja kucheza mechi ya kwanza ugenini, kisha mwenzake anakuja kwake wiki inayofuata kwa mechi ya pili Jumamosi na ya tatu, ikihitajika, Jumapili. Hasara yake ni kwamba aliye chini huanza nyumbani, naye anaweza kutangulia. Lakini aliye juu ana mechi mbili za mwisho mbele ya watu wake, na hiyo ni tuzo ya kutosha kwa msimu mzima.

Yote haya yaandikwe kabla ya mechi ya kwanza ya msimu, ukurasa mmoja, Kiswahili chepesi: idadi ya wanaoingia, alama, mpangilio wa kuvunja mlingano, mwenyeji wa kila mechi, na nani analipia mashua. Kila timu itie sahihi, na nakala moja ibandikwe kwenye ubao wa uwanja. Rudia hesabu ya msimamo hadharani kila baada ya raundi, ili kosa la kujumlisha ligunduliwe ingali mapema.