Mpunga wa Delta ya Rufiji: Acheni Kupandikiza Miche ya Siku Kumi

Kila masika nalisema neno hilihili, na kila masika nakuta majaruba yaleyale, yaani vishamba vya mpunga vilivyozungushiwa matuta, miche yake imekauka ncha na kugeuka meupe. Kilimo shadidi cha mpunga ni kizuri. Nendeni Mkindo, Morogoro, mkaone. Lakini Mkindo hakuna bahari. Kilimo hicho ni mche mmoja mchanga wa siku 8 hadi 12, nafasi ya sentimita 25 kwa 25, na jaruba linaloachwa likauke mpaka lipasuke: ukiyaleta hayo kwenye udongo wa chumvi, umeua shamba kwa mkono wako.

Mpunga huota hata penye chumvi kidogo, ndiyo maana mnadanganyika. Unakufa wiki mbili tatu baada ya kuota, na ukinusurika hapo, unapata mapepe, yaani punje tupu, chumvi ikiukuta wakati wa kuchanua. Jaruba likikauka, chumvi hupanda na unyevu hadi penye mizizi.

Kitalu kiwe mwinukoni penye maji yasiyo na chumvi, na miche ikae humo siku 25 hadi 30. Si 15. Si 20. Pandikiza miche 4 au 5 kila shimo, sentimita 20 kwa 15, na maji yasimame sentimita 5 bila kukauka.

Kabla ya hapo, osheni jaruba. Mvua za kwanza za Machi zikinyesha mnakimbilia kupandikiza. Ardhi imelowa, ila chumvi haijaondoka. Ziba lango la jaruba, maji ya mvua yafike sentimita 10, yakae siku 3, fungua bahari ikipwa, kisha ziba kabla haijajaa. Fanya hivyo mara 3, halafu pima chumvi ya maji ya jaruba kwa kifaa. Ikizidi desisimensi 2 kwa mita, yaani kama gramu 1.3 za chumvi katika lita, rudia. Msionje! Aliyezoea maji ya visima vya huku ulimi wake haumwambii kitu. Kifaa kimoja cha kupimia kinatosha kikundi kizima. Siku za bamvua, bahari inapojaa kupita kawaida, lango lisifunguliwe kabisa.

Mbegu ya siku 120 ukiisia Februari 20, unapandikiza karibu Machi 20, na inachanua mwishoni mwa Mei, mto ukiwa bado na nguvu. Ukisia katikati ya Aprili inachanua Julai, mto umepungua na bahari inapanda mtoni.

Miche ikitoa majani mapya ya kijani ndani ya wiki, mmefaulu.

Jaruba likishindikana msilifidie kwa kukata mikoko. Ndiyo inayovunja nguvu ya mawimbi, na udongo wake ukikaushwa huwa na asidi inayoua mpunga. Kina cha bahari kinaongezeka, na bwawa la Julius Nyerere, lililoanza kujazwa Desemba 2022, sasa linashika maji ya mto, kwa hiyo kalenda ya mafuriko ya wazee haitoshi peke yake. Andikeni kipimo cha kila jaruba kila mwezi kwenye daftari la kikundi. Baada ya misimu mitano mtajua lipi la kuendelea kulima na lipi la kuiachia mikoko.