Kumwachia msaidizi duka bila kulala na wasiwasi

Anza na nusu siku, si wiki nzima. Asubuhi hesabuni chenji pamoja, tuseme shilingi 20,000, muiandike kwenye daftari na nyote wawili mtie sahihi. Jioni hesabu ni hii: chenji ya asubuhi, jumlisha mauzo ya taslimu na madeni yaliyolipwa taslimu, toa matumizi. Jibu ndilo liwe kwenye droo. Malipo ya simu yape safu yake. Yakichanganywa na taslimu, droo itaonekana pungufu hata kama hakuna aliyeiba.

Usihesabu duka zima kila siku, utachoka kabla ya Jumatano. Chagua bidhaa tano zinazotoka haraka: sukari, unga, mafuta, sabuni, vocha. Sukari ina mambo yake. Mfuko wa kilo 50 ukiupima rejareja ni nadra kutoa nusu kilo 100 kamili, maana kila kipimo huzidi kidogo na nyingine humwagika. Pima mfuko mmoja mwenyewe, ujue upungufu wa kawaida kabla hujamshuku mtu.

Anayeharibu daftari mara nyingi ni mwenye duka. Ukichukua soda au nauli, andika, tena mbele ya msaidizi.