Kutaja Vyanzo katika Kazi ya Kitaaluma: Kwa Nini na kwa Namna Gani

Wanafunzi wengi hutaja vyanzo kwa kuogopa kutuhumiwa wizi wa kitaaluma. Hofu hiyo ina msingi, lakini sababu iliyo nzito zaidi ni kwamba msomaji ana haki ya kujua dai limetoka wapi ili aweze kulikagua mwenyewe.

Mwaka 1981, daktari Terence Hamblin aliandika katika jarida la British Medical Journal kwamba spinachi ilipata sifa ya kuwa na madini ya chuma kwa wingi kutokana na alama ya desimali iliyowekwa mahali pasipo pake, hata kiwango kikaonekana mara kumi zaidi. Hakutaja chanzo. Kwa kuwa kisa chenyewe kilivutia, wasomi walikipokezana kwa miaka mingi, mpaka baadhi ya watafiti walipokwenda kukitafuta chimbuko lake wasione ushahidi wowote. Mwaka 2014, mtafiti Ole Bjørn Rekdal alichapisha makala akieleza jinsi uvumi wa aina hii unavyoota mizizi pale waandishi wanaponakili marejeleo ya wenzao bila kuvifungua vyanzo vya awali.

Kwa hiyo, taja kile ulichokisoma kwa macho yako. Ukilikuta wazo la Hamblin ndani ya makala ya Rekdal, nawe hukuisoma makala ya Hamblin, andika wazi kwamba Hamblin amenukuliwa na Rekdal.

Unapotumia mtindo wa APA, yaani utaratibu wa kutaja vyanzo wa Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani, wazo lililoelezwa kwa maneno yako hufuatwa na jina na mwaka: (Rekdal, 2014). Ukichukua maneno yenyewe, yatie ndani ya alama za nukuu na uongeze nambari ya ukurasa. Kubadilisha neno moja au mawili katika sentensi ya mtu hakuifanyi kuwa yako. Funga kitabu, andika ulivyoelewa, kisha kifungue tena uhakikishe hukupotosha, na bado utaje chanzo. Mambo yanayojulikana na wote, kama vile Dunia kulizunguka Jua, hayahitaji rejeleo.

Andika jina la mwandishi, mwaka, kichwa cha kazi, mchapishaji na ukurasa papo hapo unaposoma, kwa sababu kuvisaka usiku wa kuamkia siku ya kukusanya kazi ndiko kunakozaa marejeleo ya kubuni. Kabla ya kuwasilisha, linganisha kila jina lililomo ndani ya matini na orodha ya marejeleo, kisha urudie kwa kuanzia kwenye orodha.