SOMO: Hostingi imekukatalia kuingia? Soma ilichoandika

Kuanzia Ujiji mpaka Mwanga, simu ni ile ile: "Fundi, seva haifunguki." Nimechoka. (Seva ni ile kompyuta ya kampuni ya hostingi inayotunza tovuti yako.) Atakayepiga tena nitamtumia somo hili.

1. Hakikisha bando lipo.

2. Muulize mtoa huduma kama SSH (njia ya kuingia kwenye seva na kuiendesha kwa kuandika amri) imewashwa. Hostingi nyingi za bei nafuu huizima mpaka uombe.

3. Poti (mlango wa seva wenye namba): FTP ni 21, SSH na SFTP ni 22 (FTP na SFTP ni za kupandisha mafaili), ila kampuni nyingine huihamisha. Namba iko kwenye barua pepe uliyopewa siku ya kulipia.

4. Soma ujumbe. "Permission denied": umefika, lakini jina, neno la siri au ufunguo (faili la SSH linalotumika badala ya neno la siri) umekataliwa. "Connection refused": seva ipo, ila poti hiyo haipokei. "Connection timed out": hakuna jibu kabisa, na mara nyingi IP yako (anwani ya namba ya intaneti yako) imefungiwa. Kwa hiyo USIBAHATISHE maneno ya siri! Seva huhesabu makosa, na ikishafungia IP, hata neno sahihi halikuingizi. Tena mkosaji anaweza asiwe wewe: simu yenye neno la zamani la barua pepe hugonga seva kimya kimya usiku kucha. Au ni mtu usiyemjua kabisa, maana kwenye intaneti ya simu wateja wengi hutokea nje na IP moja. Jaribu kwa hotspoti ya laini ya mtandao mwingine. Ikikubali, mtumie mtoa huduma ile IP iliyogoma, aifungue.

5. Faili la ufunguo kwenye Linux: andika chmod 600 na jina lake, ili wewe tu uweze kulisoma.

MASWALI

— Mkuu, yangu imegoma, mteja anasubiri.
Imeandika nini?
— Kiingereza kirefu tu.
Kinakili ukibandike hapa. Hatua ya 4 hujaisoma.

— Shikamoo kaka. Domeni yangu (jina la tovuti) inapita Cloudflare, kampuni inayokaa kati ya wageni na seva. Tovuti inafunguka, hata cPanel (ukurasa wa kuendeshea hostingi) kwa poti 2083, ila SSH ni timed out. Mbona moja tu?
Marahaba dada, swali zuri. Ukiita domeni unafika kwa Cloudflare, si kwenye seva yako. Wao hupitisha poti chache za wavuti, na 2083 imo. 22 haimo. Tumia IP halisi ya seva, iko ndani ya cPanel upande wa kulia. Na usiitangaze, kwa sababu Cloudflare inaificha kwa makusudi.

— Mimi inasema "host identification has changed". Nifute tu alama ya seva iliyohifadhiwa kwenye kompyuta yangu?
Usifute kabla ya kumuuliza mtoa huduma. Wakithibitisha wamehamisha seva, andika ssh-keygen -R na anwani yake. Wakikana, usiweke neno la siri.

— Huku Kasulu naingia vizuri, nikikaa kidogo inakatika.
Weka ServerAliveInterval 60 kwenye faili la config la SSH. Kazi ndefu ifungulie ndani ya screen (programu ya kwenye seva) kama seva inayo. Mtandao ukikatika inaendelea, ukirudi unaingia tena na kuandika screen -r.
— Na kupandisha picha nyingi za duka la mawese?
Zizipu kwanza, pandisha faili moja, ufungulie huko huko.