Meza ya msonobari: piga msasa kwanza, rangi itafuata

Fundi wa hapa Majengo, Moshi, aliniuzia meza ya sebuleni ya msonobari haijapakwa kitu. Ukitaka na vanishi, aliniambia, unaongeza hela. Nikajisemea, kupaka tu? Jioni ileile nikachovya brashi kwenye kopo la steini ya kahawia, ile rangi nyepesi inayofyonzwa na mbao, nikapaka. Asubuhi meza ilikuwa na mabaka kama chui, na ncha za mbao zimekuwa nyeusi tii. Mume wangu akauliza kama imeungua.

Msonobari, hata huu mzuri wa West Kilimanjaro, ni mbao laini isiyonywa rangi sawasawa. Sehemu moja inafyonza, ya pili yake inakataa, na kwenye kichwa cha ubao, pale msumeno ulipokata, inakunywa kama ardhi ya kiangazi. Mninga haukusumbui hivi. Wenyewe una rangi yake, wengi huupaka vanishi tupu na wala hawakosei.

Meza ya pili nilianza na msasa, na hapo ndipo zilipokwenda siku mbili. Namba 80, ule msasa mkali (namba ikipanda, msasa unakuwa laini), niliiacha dukani maana fundi alishapiga randa vizuri. Nikaanza na 120, nikamaliza na 180. Usiende mbali zaidi kabla ya steini: uso wa mbao ukisuguliwa mpaka uteleze mno unakataa rangi. Zungushia msasa kwenye kipande cha ubao ili usichimbe mashimo kwa vidole, na ufuate nyuzi za mbao. Ukikatisha nyuzi, mikwaruzo huioni leo. Utaiona rangi ikishapita juu yake.

Kisha pangusa meza nzima kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Maji yanakuonyesha gundi ilipomwagikia kwenye maungio, kwa kuwa hapo hapaloi. Gundi hainywi steini, itabaki doa jeupe daima, kwa hiyo ikwangue. Maji pia yanasimamisha vinyweleo vya mbao. Ikikauka, pitisha msasa wa 180 kidogo tu.

Sasa dawa ya mabaka. Chukua sila, ile mafundi wanayopaka kabla ya vanishi, izimue kwa tina mpaka iwe nyepesi kama maji, paka mara moja. Vichwa vya ubao paka mara mbili. Ikikauka, msasa mwepesi. Mbao sasa imeshiba kiasi, haitakunywa kwa pupa. Jaribu kwanza chini ya meza, mahali ambapo mgeni hainami.

Steini yenyewe sipaki tena kwa brashi. Nakata fulana kuukuu ya pamba, nachovya, napaka, nasubiri dakika tano hivi, halafu nafuta yote iliyobaki juu. Ukitaka iwe nyeusi zaidi, rudia kesho. Kuiacha nene ili ikolee ni kujitafutia meza inayonata.

Matambara ya steini ya mafuta usiyakunje ukayatupa kwenye ndoo: mafuta yakikauka yanatoa joto, na rundo linaweza kuwaka lenyewe. Yatandaze nje moja moja yakauke. Na tina usiifungue karibu na jiko la mkaa. Mimi hupakia barazani, na jiko linahamia nyuma ya nyumba.

Steini ikishakauka kabisa, paka vanishi mikono mitatu myembamba, yaani mara tatu, na kati ya mkono na mkono msasa wa 320 na kitambaa cha kuondoa vumbi. Vumbi la Januari hapa mjini linatua kabla hujamaliza upande mmoja, kwa hiyo nanyunyizia sakafu maji kwanza. Mwezi wa Julai, ukungu ukishuka toka mlimani, kilichoandikwa kwenye kopo kuhusu saa za kukauka usikiamini. Subiri mpaka kesho yake. Mvua za Aprili ndiyo mbaya zaidi, hasa kwa vanishi ya kuzimuliwa na tina: inaweza kuganda nyeupe kama maziwa. Subiri siku yenye jua.

Kukauka kwa kushika si kukomaa. Meza ipe wiki kabla ya kuweka kitu cha moto. Mama mkwe alikuja kutoka Marangu siku ya tatu, akaweka sufuria ya chai katikati. Duara lipo mpaka leo, na kitambaa cha kufuma kinalifunika vizuri tu.