Kabla taasisi ya umma haijajenga mfumo wa kompyuta: soma hapa kwanza

Usianze na kompyuta. Muulize mkurugenzi mfumo huu unakuja kurahisisha uamuzi gani. Akishindwa kujibu, manunuzi yasubiri.

Sheria isomwe mapema: Tanzania ipo ya Serikali Mtandao ya 2019, na ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Kenya, kadi za Huduma Namba, za utambulisho wa kidijitali wa raia, zilikwama Mahakama Kuu Oktoba 2021 kwa kuwa tathmini ya athari kwa taarifa za watu haikufanyika kwanza, na mabilioni yalishatumika.

Umeme wa akiba uwepo. Kwa Tanzania, malipo yaunganishwe na GePG, mfumo wa serikali wa kupokea malipo kielektroniki; msijenge njia yenu.

Sasa mkataba. Hapa naomba utulie. Hospitali moja ya wilaya niliyofanya kazi iliwekewa mfumo wa wagonjwa na mkandarasi, na ulifanya kazi vizuri kuanzia mapokezi hadi dirisha la dawa. Ada ya matengenezo ilipochelewa, Jumatatu asubuhi mfumo ukafungwa. Nywila kuu alikuwa nayo mkandarasi peke yake. Foleni ikafika getini. Wagonjwa wa kisukari na presha, ambao dozi zao zilikuwa humo ndani, waliulizwa wanakumbuka nini; wazee wengine walijibu tu, "zile nyeupe ndogo." Madai ya bima ya mwezi ule hayakutumwa, fedha zikachelewa, na duka la dawa likaanza kupungukiwa. Baada ya kubembelezana sana tukaletewa flashi yenye kurasa zilizopigwa picha, ambazo huwezi kutafuta hata jina. Mkataba ulipofunguliwa, hapakuwa na kifungu kinachosema taarifa ni mali ya nani.

Kwa hiyo kiandikwe: taarifa ni za taasisi, na zitakabidhiwa katika muundo unaosomeka na mfumo mwingine. Nywila kuu zishikwe na watumishi wenu wawili. Malipo ya mwisho yasitoke mpaka nakala rudufu irejeshwe kwenye mashine nyingine, mkiwa mnaangalia.

Wahusishe wahudumu wa dirishani tangu mwanzo. Mafunzo yarudiwe, maana watumishi wanahamishwa. Madaftari msiyaondoe wiki ya kwanza. Na mtu akikuharakisha usaini kabla ya Juni 30, mwisho wa mwaka wa fedha, ili fedha zisirudi Hazina, kaa na mwanasheria mpitie kila ukurasa.