Kofia ya jino imetoka? Mambo ya kuzingatia kabla hujafunga safari ya Dodoma mjini

Kofia ya jino, kile kifuniko kinachovishwa jino lililochongwa, wengine huita krauni, haichagui siku ya kutoka. Itakutoka Jumamosi jioni, uko Kondoa au Kibaigwa, na daktari wa meno unayemjua yuko mjini.

Kwanza iokote. Ioshe juu ya bakuli, si juu ya sinki, kisha iweke kwenye kikopo chenye kifuniko. Usiifunge kwenye tishu, maana tishu hutupwa. Ikiwa imelegea na inakubali kutoka kirahisi, itoe kabla hujalala isije ikakupalia usingizini. Ukiimeza, mara nyingi hutoka chooni bila shida. Ila ukianza kukohoa, au kifua kikapiga filimbi, nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Supaglu hapana. Hiyo kaa nayo kwa ajili ya kandambili. Huunguza fizi, na kofia ikigandia upande daktari hana njia ila kuikata. Kama duka la dawa lina simenti ya muda ya meno, tumia hiyo kwa kufuata maelezo yake. Kama haina, acha jino wazi. Sukutua kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, piga mswaki taratibu, tafunia upande mwingine. Likiuma, meza paracetamol. Kusaga aspirini na kuipachika kwenye fizi ni kujichoma tu.

Sasa je, lisipouma? Hapo ndipo watu wanapoumia.

Shemeji yangu ananunua mahindi Kibaigwa. Kofia yake ilinaswa na ubuyu, ule wa rangi unaonata, msimu ukiwa umepamba moto, malori yamepanga foleni. Akaihifadhi vizuri sana kwenye kikopo cha ugoro alichokiosha, akakitia mfuko wa shati. Jino halikumuuma hata kidogo, kwa sababu lilikuwa limezibwa mzizi miaka ya nyuma, mshipa wake umeshatolewa. Kila tukimwambia nenda mjini, anagonga ule mfuko: "Si ninayo hapa? Mzigo ukiisha nitakwenda."

Jino la namna hiyo halina wa kukupigia kelele. Lilichongwa likabaki kisiki chembamba, na lililozibwa mzizi huvunjika upesi kuliko jino zima. Kofia ndiyo iliyokuwa inalishika. Hata lisipovunjika, meno ya jirani huanza kusogea, na ukija kuirudisha kofia unakuta haikai tena. Yeye lilivunjika kwenye nyama choma, chini ya usawa wa fizi. Daktari aliigeuzageuza ile kofia, nzima kabisa, isipokuwa hapakuwa na pa kuivalisha. Mzizi ukang'olewa, na sasa anauliza bei ya jino la bandia. Kurudishia ingekuwa kazi ya kikao kimoja.

Kwa hiyo piga simu siku hiyo hiyo au kesho yake asubuhi, na usiulize "mna daktari wa meno?" tu. Vituo vingi kazi kubwa ya meno ni kung'oa. Uliza: mnarudishia kofia iliyotoka? Daktari yupo lini? Picha ya eksirei na simenti ni shilingi ngapi? Ikibidi kutengeneza mpya, nitarudi baada ya siku ngapi? Mwenye kadi ya bima aulize pia kama kifurushi chake kinagusa krauni, asidhani kinachong'oa kinarudishia. Ukipata ahadi, beba kofia hata kama imepasuka, beba na cheti cha mara ya kwanza, na taja dawa unazotumia, hasa za kisukari au za kufanya damu iwe nyepesi.

Uso ukivimba, ukipata homa, ukishindwa kumeza au kufungua mdomo, hiyo si habari ya kofia tena. Usisubiri kliniki ifunguliwe Jumatatu. Nenda dharura, iwe hospitali ya General au ya Benjamin Mkapa hapo Dodoma mjini, na ukiwa mbali anzia hospitali ya wilaya. Amoksilini ya kununua vidonge vichache dukani haitoi usaha uliokwisha kujikusanya.

Mengine unayajua: usifungue soda kwa meno, mifupa waachie wenye meno yao yote, bisi zile mbegu ngumu za chini tema. Na ukisafiri, nauli ya kurudi iweke mbali na hela ya matibabu.